Jicho la Mkuu wa Vibali

Mkuu wa idara ya vibali vya ujenzi katika manispaa ile alikuwa na jicho la kushoto lisilo na adabu. Lilijifumba lenyewe. Unazungumza naye mambo ya maana, mara ukope unaanguka, kona ya mdomo inavutwa juu upande huohuo, kisha uso unarudi ulivyokuwa kana kwamba hakuna kilichotokea. Asiyemjua alidhani amekonyezwa. Aliyemjua pia alidhani amekonyezwa, ila yeye alidhani anajua na sababu.

Ofisini walimwita Bwana Kope. Mwanzoni walimwita hivyo kwa siri, baadaye hata tarishi alilitamka jina hilo mbele yake, naye hakukasirika, kwa kuwa hakuwa mtu wa makuu. Alikuwa mtu wa sheria. Hilo alilisema mara nyingi, na kila alipolisema alilimaanisha. Miaka yote aliyokalia kiti kile hakuwahi kumwomba mtu kitu chochote. Mwombaji alipokuja na ramani yenye kasoro, nyumba imeingia barabarani au shimo la choo limechorwa ubavuni mwa kisima cha jirani, Bwana Kope aliikunjua mezani, akaweka kidole penye kasoro, akasema kwa upole, "Hii sheria hairuhusu." Na hapohapo jicho likajifumba.

Mwombaji alikusanya karatasi zake, akashukuru sana, akaondoka akitabasamu. Baada ya siku chache lori lilisimama mbele ya nyumba ya Bwana Kope, likashusha vigae.

Alivipokea kwa moyo mweupe. Alimwambia mkewe kwamba watu wa siku hizi wanasemwa vibaya bure, kumbe wana shukrani. Ni kweli kwamba baadaye faili lile lilirudi mezani kwake na yeye akalisoma upya, safari hii kwa huruma, maana mtu aliyejisumbua kukodi lori zima bila shaka ana nia njema ya kujenga. Na ile barabara yenyewe, ukiitazama vizuri, haikuwa na dalili ya kupanuliwa karibuni. Akatia sahihi.

Hivyo ndivyo nyumba yake ilivyokua. Sebule ilikuwa na vigae vya rangi ya maziwa mpaka katikati, na kuanzia kwenye kochi kubwa vikaingia vya maua ya buluu, kwa sababu mkandarasi wa kwanza alihama mji kabla sebule haijaisha. Mlango wa mbele ulikuwa wa bati. Mlango wa bafu ulikuwa wa mbao ngumu, umechongwa simba wawili waliosimama kwa miguu ya nyuma, maana aliyeuleta alikosea vipimo na haikuwa adabu kumrudisha nao. Wageni waliokwenda kuoga walikaa humo wakijiona wameingia ikulu.

Mambo yangeendelea hivyo kama si msiba. Mfanyakazi mmoja wa idara ya maji alifariki, na ofisi nzima ikaenda kuwafariji wafiwa. Bwana Kope alimshika mjane mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia, "Pole sana, dada. Tupo pamoja nawe." Jicho likajifumba. Alipoona mjane ameshtuka, akadhani hakusikika vizuri, akarudia kwa sauti ya chini zaidi kwamba yupo, na kwamba asisite kumwita saa yoyote. Jicho likajifumba tena, mara mbili mfululizo, na mdomo ukapanda. Mjane akauchomoa mkono wake. Kaka wa marehemu akamsindikiza Bwana Kope mpaka kwenye gari, akamwuliza kwa utulivu wa kutisha hiyo saa yoyote ni saa gani.

Mkewe alikuwa ameketi ndani ya gari na kioo kilikuwa wazi. Alikuwa naibu mkuu wa shule ya msingi, mama wa watoto pacha waliokuwa masomoni mbali, na hakuzoea kurudia neno. Walipofika nyumbani alisema tu, "Kesho hospitali, Baba Pacha," akaingia chumbani.

Daktari wa mishipa ya fahamu alikuwa mama mwenye miwani na vidole vya baridi. Alimwangalia Bwana Kope kwa muda, akamwagiza afumbe macho kwa nguvu, atabasamu, apulize mashavu, akampeleka kupigwa picha ya kichwa. Majibu yalipotoka alieleza kwamba ndani, nyuma ya sikio, kuna mshipa mdogo wa damu unaogusa mshipa wa fahamu unaoendesha misuli ya uso, na kila ukiugusa, misuli inaruka. Si mapepo, wala si tabia mbaya. Dawa ilikuwa ama upasuaji, ama sindano kadhaa ndogo kuzunguka jicho. Dawa ya sindano ile, akasema, asili yake ni sumu ya kijidudu kinachoota kwenye chakula kilichohifadhiwa vibaya, lakini ikitiwa kidogo mno na mtu anayejua, inalegeza msuli uliochachamaa. Itachukua siku chache kufanya kazi, itadumu miezi mitatu au minne, kisha atarudi kuchomwa tena.

Mama Pacha, aliyekuwa anasikiliza kama mzazi kwenye kikao cha shule, akauliza kama hiyo siyo dawa ambayo wanawake wenye uwezo wanajichoma kuondoa makunyanzi. Daktari akasema ndiyo, ni ileile. Wapo wanaochomwa ili wapendeze, wapo wanaochomwa kwa kipandauso au macho yenye makengeza, na huyu anachomwa ili aweze kuendesha gari bila kugonga watu. Mama Pacha akakitazama kichupa cha dawa kilichokuwa mezani. Akauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, kinachobaki humo hupelekwa wapi.

"Hakibaki," daktari akasema, akavaa glavu.

Sindano zilikuwa kama kung'atwa na sisimizi wenye hasira. Kabla wiki haijaisha Bwana Kope aliamka, akanyoa ndevu mbele ya kioo, akagundua kwamba uso umetulia. Alisubiri. Ukope haukuanguka. Akajitazama kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi akajiona anafanana na marehemu baba yake, ambaye alikuwa mtu wa kuheshimika. Machozi yalimlengalenga kwenye jicho lilelile. Siku ile aliendesha gari mpaka kazini akiona barabara nzima.

Mama Pacha naye hakukisahau kichupa kile. Mdogo wake alikuwa na chumba cha urembo juu ya duka la viatu, penye viti vyeupe na cheti ukutani, cha mafunzo yaliyoanza Ijumaa jioni yakaisha Jumapili mchana. Akaenda kwake kimyakimya, akalala kwenye kiti, akachomwa kwenye paji la uso. Makunyanzi yalikwisha kabisa, paji likawa laini kama sahani. Lakini mdogo mtu alikuwa amekosea mahali pamoja, au labda mkono ulitetereka, na unyusi wa kulia ukapanda juu, ukapinda kama upinde, ukakaa hukohuko. Unyusi wa kushoto ulibaki mahali pake. Tangu siku ile Mama Pacha alimtazama kila mtu kama mtu ambaye haamini hata neno moja la anachoambiwa.

Bwana Kope hakuwa na nafasi ya kulishughulikia hilo, maana kazini mambo yalianza kumharibikia.

Wa kwanza alikuwa mkandarasi mmoja mnene aliyejulikana mji mzima kwa jina la Ghorofa. Alikuja na ramani ya jengo la ghorofa tano mahali panaporuhusiwa tatu. Bwana Kope akaikunjua, akaweka kidole, akasema sheria hairuhusu. Ghorofa akaanza kukusanya karatasi kwa mazoea, kisha akasita. Akakaa tena. Akamtazama Bwana Kope usoni, upande wa kushoto, kama mtu anayesubiri taa ya barabarani ibadilike.

"Hairuhusu," Ghorofa akasema.

"Hairuhusu."

"Basi tu hivyo?"

"Basi hivyo."

Ghorofa akatoka taratibu, akageuka mara mbili mlangoni. Habari zikaenea mpaka kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Wengine walisema Bwana Kope anachunguzwa. Wengine walisema ameokoka. Wazee wa kazi walisema hapana, huyo amepanda bei tu, sasa hakonyezi kwa vitu vidogo. Vyovyote vile, malori yaliacha kupita mtaani kwake. Bwana Kope alifikiri labda biashara imekuwa ngumu kwa watu. Kisha likaja jambo la ajabu zaidi, waombaji walianza kuleta ramani zisizo na kasoro, naye akazisaini zote bila kupata hata asante ya maana.

Aliyemfumbua macho ni msaidizi wake, mtu wa makamo aliyeitwa Rula kwa sababu hakuachana na rula ya chuma mfukoni. Rula alifunga mlango, akasimama kwa heshima, akasema watu wanauliza.

"Wanauliza nini?"

"Wanauliza jicho, Mkuu. Jicho limekwenda wapi?"

Bwana Kope akamweleza habari za mshipa wa damu, daktari na sindano, kwa fahari kidogo. Rula akasikiliza mpaka mwisho akiwa ameduwaa. Alisema siku zote alijua ile ni lugha ya Mkuu, na kwamba waombaji walipotoka humo ndani walimwuliza yeye kukonyezwa mara moja au mara mbili kuna maana gani, naye aliwafafanulia: mara moja ni vitu vya sakafuni, mara mbili ni vya paa.

Bwana Kope alihisi kiti kinazama. Akasema hajawahi kumkonyeza mtu yeyote maishani, kwamba yeye ni mgonjwa, ana picha ya kichwa, na kwamba vitu vile vyote vilikuwa shukrani.

Rula alimtazama kwa upendo kabisa. "Mkuu," akasema, "mtu anashukuru kabla hajapewa?"

Ungedhani Bwana Kope, baada ya kuambiwa hivyo, angekaa na aibu yake. Alikaa nayo, tena kwa siku kadhaa, na ilimwuma kweli. Lakini kila jioni alirudi nyumbani akaiona sehemu ya sebule, karibu na kabati, ambayo ilikuwa bado saruji tupu. Aliitazama akila. Aliitazama akisikiliza taarifa ya habari. Na asubuhi moja alijikuta chooni kazini, mlango umefungwa kwa komeo, anajaribu kukonyeza mbele ya kioo. Jicho la kushoto lilikataa, limelala kwa dawa. La kulia halikuwahi kufundishwa. Kila alipolifumba, la kushoto nalo lilijivuta nusu kulifuata, na uso mzima ukakunjamana kama wa mtu aliyemeza kidonge bila maji.

Ghorofa aliporudi kujaribu tena, Bwana Kope alisema sheria hairuhusu, akakusanya nguvu zake zote, akakonyeza. Macho yote mawili yakafumbwa, moja likiburuta jingine, na kichwa kikainama kidogo kwa juhudi.

Ghorofa akavua kofia, akainamisha kichwa naye, akasubiri. Kimya kilipozidi akasema, "Amina," akaondoka kwa hatua za polepole. Alikwenda kuwaambia wenzake kwamba ni kweli, mzee ameokoka, ameanza kuwaombea watu ofisini.

Nyumbani hakukuwa na nafuu. Mama Pacha aliketi ng'ambo ya meza, unyusi umepanda, akamwuliza kama siku ilikuwa njema. Bwana Kope alisema ilikuwa njema. Unyusi haukushuka. Akasema kulikuwa na kazi nyingi. Unyusi palepale. Mkewe alikuwa anatafuna tu, anawaza ratiba ya mitihani, lakini Bwana Kope hakuweza kuvumilia. Akaanza kueleza. Alieleza vigae vya maziwa na vya buluu, mabati ya uani, simba wa bafuni, faili baada ya faili, mpaka chakula kikapoa. Alipomaliza alikuwa ameloa jasho.

"Nilijua tangu kigae cha kwanza," Mama Pacha akasema. "Nilidhani na wewe unajua." Kisha akauliza kama bado anakula ile nyama.

Shuleni kwake, ilisemekana, watoto walikuwa wanarudisha chaki zilizoibwa bila kuulizwa, na mwalimu mmoja wa hesabu alimfuata akaungama kwamba siku zile za homa hakuwa na homa.

Wakati huohuo mkurugenzi wa manispaa alikuwa anatafuta mwenyekiti wa kamati mpya ya maadili. Malalamiko yalikuwa yamezidi na wakubwa walitaka kuona jambo linafanyika. Madiwani wakasema mtu anayefaa yupo: yule wa vibali, ambaye siku hizi anamtazama mkandarasi usoni bila kupepesa. Mkurugenzi akamwita Bwana Kope, akampa mkono. Bwana Kope alikubali kwa unyenyekevu, na kufikia jioni alikuwa amekwisha kuamini kwamba anastahili.

Kwa hiyo kukawa na vikao, semina na hotuba. Siku ya kurudi kwa daktari ilipofika, Bwana Kope alikuwa na kikao. Ikapangwa nyingine, akawa na semina. Alijiambia kwamba jicho limepona, hakuna sababu ya kumsumbua daktari. Alijiambia pia kwamba ana shughuli nyingi. Jambo la tatu, lililohusu ile saruji tupu karibu na kabati, hakujiambia kwa maneno.

Shauri la kwanza la kamati lilimhusu Rula. Tangu jicho la mkubwa wake lilipotulia, Rula alikuwa ameamua kuziba pengo. Aliwaambia waombaji kwamba utaratibu umebadilika, sasa ishara zinapitia kwake. Nesi mmoja mstaafu, aliyetaka kibali cha kujenga vyumba viwili vya kupangisha, aliambiwa alete tangi la maji. Nesi yule hakuleta tangi. Alileta malalamiko, yameandikwa vizuri, nakala tatu.

Walikutana katika ukumbi mdogo wa manispaa. Bwana Kope alikaa katikati, mwanasheria wa manispaa kulia kwake, diwani kushoto, na mwisho wa meza mhasibu mstaafu, mzee mkimya aliyeonekana kama amesinzia. Nesi alikaa pembeni na mkoba wake magotini. Rula alisimama mbele, rula ikichungulia mfukoni, midomo imemkauka. Bwana Kope akamsomea tuhuma kwa sauti nzito. Akamwambia kwamba manispaa haitavumilia, kwamba utumishi wa umma ni dhamana, na kwamba ajieleze.

Na hapo, baada ya miezi yote ile, ukope wa kushoto ukaanguka.

Rula aliuona. Damu ilimrudi usoni. Mabega yakashuka, akatabasamu kama mtu aliyeona taa za nyumbani kwao. Basi akajieleza. Alisema hana cha kuficha mbele ya kamati hii, maana utaratibu huu aliukuta, na kama Mwenyekiti mwenyewe anavyofahamu, ulikuwapo kabla yeye hajaajiriwa.

Mwanasheria akainua kichwa. "Utaratibu upi?"

Rula akaufafanua kwa utulivu wa mwalimu. Bwana Kope akamkatiza, akamwambia, "Ndugu, angalia unachosema." Jicho likajifumba mara mbili, kwa nguvu, na mdomo ukapanda. Rula akaitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba ameelewa, mara mbili ni vya paa, akaendelea na habari za mabati. Kadiri Bwana Kope alivyomzuia, ndivyo jicho lilivyochachamaa, na kadiri jicho lilivyochachamaa, ndivyo Rula alivyozidi kukumbuka. Alifika mpaka kwenye mlango wa simba, na vipimo vyake akavitaja. Diwani alikuwa anatazama dirishani. Nesi mstaafu alikuwa anamtazama Mwenyekiti kwa makini, si kwa hasira. Alimnong'oneza mwanasheria kwamba yule baba anahitaji daktari.

Rula alifukuzwa kazi, bado haamini. Bwana Kope alisimamishwa, akaitwa mbele ya tume ya nidhamu, na alikwenda akiwa na silaha yake: picha ya kichwa ndani ya bahasha kubwa na maelezo ya daktari yenye muhuri. Alijitetea vizuri. Alisema hajawahi kumwomba mtu kitu chochote, na hapo hakuna aliyeweza kumpinga. Kama watu walimwelewa vibaya, mwenye makosa ni mshipa wa damu. Wajumbe walipitisha picha mkono kwa mkono. Kidogo wamwonee huruma.

Yule mhasibu mstaafu alikuwa mjumbe huko pia. Alivaa miwani, akayasoma maelezo ya daktari mpaka mwisho, akayakunja.

"Daktari ameandika kuhusu jicho," akasema. "Kuhusu mkono uliotia sahihi, sioni alipoandika."

Bwana Kope alivuliwa ukuu, akahamishiwa idara ya taa za barabarani, ofisi iliyo chini kabisa ya jengo, karibu na stoo ya ngazi na nyaya. Majengo kadhaa yaliamriwa kubomolewa sehemu zilizozidi, na kwa muda mji ulikuwa na kelele za nyundo. Wenye majengo hayo waliacha kumsalimia. Alirudi kwa daktari, akaomba radhi kwa siku alizokosa, akachomwa, jicho likatulia. Sasa anakwenda kila dawa inapokaribia kwisha, hakosi. Mama Pacha naye alirudi kwa mdogo wake, aliyeomba msamaha na kuahidi kuusawazisha unyusi bure. Mama Pacha alikataa. Alikuwa amekwisha kuitwa kuhojiwa kwa nafasi ya mkuu wa shule, akataka achomwe tena palepale, unyusi ubaki juu vilevile.

Mwezi wa kwanza hakuna aliyeshuka kwenye idara ya taa. Kisha akaja mama mmoja mshona nguo, anayefunga duka jioni na kupita kichochoro chenye giza ambamo aliwahi kuporwa. Aliomba taa moja tu kwenye nguzo iliyopo tayari. Bwana Kope alifungua ramani ya mtaa, akaweka kidole kwenye nguzo, akaona kila kitu kiko sawa, na moyo wake ukafurahi kikweli.

"Hii inaruhusiwa," akasema. "Mafundi watakuja wiki hii."

Mshonaji hakuondoka. Alimtazama usoni, akatazama mlango, akamtazama tena.

"Inaruhusiwa," akasema polepole. "Sasa baba, nimwone nani?"

Bwana Kope akamwambia hakuna wa kumwona, taa ni haki yake, aende nyumbani. Alisema hivyo kwa upole, bila kupepesa. Mama yule akashukuru, akachukua mkoba wake, na Bwana Kope akamsikia kwenye korido akimwuliza mfagiaji kama kuna mkubwa mwingine katika idara hii, maana huyu aliyemkuta ni mgumu, hataki hata kusema anataka nini.